Naomba ushauri: kuwapeleka vijana Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao nawapeleka Unguja vijana wa usharika wetu wanaosomea ujenzi, na jengo ninalotaka walitazame kwa utulivu ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lililoanza kujengwa miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa.

Kinachonivutia zaidi ni paa. Askofu Edward Steere alilisimamia mwenyewe: upinde mmoja mrefu wa zege la mawe ya matumbawe na saruji. Wapo waliodhani litaporomoka, na mpaka leo limesimama. Vilevile kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini. Inasimuliwa kuwa mafundi walizipanga hivyo askofu akiwa safarini. Na pale altareni, duara la marumaru nyeupe sakafuni linaonyesha ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Hapo sitaki vijana wapite wakipiga selfi tu.

Kwa mliowahi kupeleka kundi: ni saa ngapi mwanga wa madirishani unafika vizuri ndani? Kibali cha kupiga picha kwa stendi ya kamera kinaombwa ofisi ya kanisa au kwa walinzi wa mlangoni? Na kuna mwongozaji anayeweza kueleza ufundi wa paa lile, siyo historia ya soko peke yake? Tukipata muda, tutapita na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili. Nitashukuru sana kwa maelekezo yenu.