Pampu ya mafuta kwenye pikapu ya zamani: nirudishe ya mekanika au nifunge nyingine ya umeme?

Njia_Vumbi
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Pikapu yangu inazima barabarani, hasa usiku. Inakohoa, inakosa nguvu, kisha kimya. Nikikaa dakika 10 inawaka kama vile haijawahi kuumwa. Fundi kasema pampu imekufa. Nichukue ya umeme tena au ya mekanika? Ipi inadumu?

Spana12
Gari gani? Petroli au dizeli? Kabureta au injekta? Au tupige ramli?

Njia_Vumbi
Samahani mkuu. Hilux, injini 22R ya petroli, kabureta. Aliyeniuzia alishang'oa pampu ya mekanika ya kwenye hedi (kichwa cha injini), akaziba kwa bati, akafunga ya umeme chini karibu na tanki.

MzeeKabureta
Rudisha ya mekanika. Inasukumwa na kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini; haina waya, haina fyuzi, haina relei (swichi inayoamriwa na umeme). Injini ikizunguka, mafuta yanakuja. Ila kabla hujanunua, fungua hilo bati uchungulie: kile kipande kinachosukuma mkono wa pampu, pale mbele kwenye gia ya kamshafti, bado kipo? Kama kilitolewa, pampu mpya itakaa hapo kama pambo.

Waya_Mwekundu
Mzee, na dayaframu, ule utando ndani ya pampu, ikipasuka? Petroli inashukia kwenye oili, na hujui mpaka stiki ya kupimia oili ianze kunuka. Ya umeme haina shida ikifungwa kwa akili, chini usawa wa tanki, maana hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Njia_Vumbi, umesema "hasa usiku". Ni ukiwasha taa?

Njia_Vumbi
Aisee, sikuwahi kuwaza hilo. Ndiyo, mara nyingi taa zimewaka. Na mlio wa pampu unabadilika, unakuwa mzito.

Spana12
Basi huenda pampu haijafa, ina njaa ya umeme. Pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikiwaka, taa zimewashwa. Usichomoe plagi ndipo upime, waya uliooza usipobeba mzigo utakuonyesha 12 safi na kukudanganya.

Kifuniko
Yangu ilinitoa jasho. Nilikuwa na pikapu ya kabureta, pampu ikafa njiani, fundi wa hapo akaniwekea ya gari la injekta. "Hii ina nguvu, utanishukuru." Kabureta inataka presha ya psi 3 hadi 5 hivi, ile inasukuma zaidi ya 30. Sindano ya kwenye kabureta itazuia vipi? Gari lilinywa mafuta kama lina kiu ya mwaka mzima, plagi za kuwashia injini nyeusi tii, moshi nyuma. Nikadhani ni choki, nikahangaika nayo wiki mbili. Siku nachomoa stiki ya oili, inatiririka kama maji na inanuka petroli tupu. Na ule waya wa pampu aliuunga kwenye waya wa waipa kwa gundi ya karatasi! Ukiwasha waipa, gari linakata. Injini niliifungua, beringi zilikuwa zimeshakwaruzika.

MzeeKabureta
Ndiyo maana nasema mekanika.

Waya_Mwekundu
Hilo kosa ni la fundi, mzee wangu, si la umeme. Mchukulie pampu waya wake toka betri, upitie fyuzi na relei, na relei iamriwe na swichi ya presha ya oili. Injini ikizima, pampu inakata. Bila hivyo, ukipinduka inaendelea kumwaga petroli. Viungo vya waya vichomewe kwa risasi ya kulehemu.

Spana12
Risasi chini ya chesisi? Inakakamaza waya, mtikisiko unaukata pembeni kidogo tu ya kiungo. Bana kwa koleo la terminali, funika kwa mpira unaonywea ukipashwa joto.

Waya_Mwekundu
Vyangu vya risasi vina miaka 9.

Spana12
Hongera. Mimi nimevitoa vingi vya watu.

Njia_Vumbi
Msigombane wakuu, nimepima. Taa zikiwaka, betri 13.6, kwenye plagi ya pampu 9.4. Nikavuta waya mrefu kutoka negativu ya betri hadi waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) wa pampu, ikaruka hadi 12.8 na mlio ukawa mwembamba. Ile bolti ya ethi imefungwa juu ya rangi ya chesisi, chini yake kutu na unga wa kijani. Ila ya mekanika bado inanivutia.

Kifuniko
Si ukwangue kwanza hiyo bolti uone? Pampu ya nini tena?

MzeeKabureta
Kwangua, lakini kile kipande kwenye kamshafti kakiangalie pia.

Dizeli_Tupu
Samahani kuuteka uzi. Yangu ina injini aina ya 2L, ya dizeli, ikilala usiku asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka. Nayo ni ethi?

Spana12
Hapana. Bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta kabla ya kupiga stata. Ikiwaka vizuri, kuna mahali inavuta hewa. Mipira ya kurudishia mafuta umeishika?

Dizeli_Tupu
Mipira ipi?