Busta ya breki baada ya kubadilisha kemshafti

Swali: Wakuu, Mustang yangu ya 1967 ilifungwa kemshafti (mhimili unaofungua valvu za injini) ya mbio, na tangu hapo pedali ya breki huwa ngumu ninapoegesha, ilhali kwenye mwendo breki zinashika vizuri. Je, busta (kifaa kinachotumia vakyumu ya injini kuusaidia mguu kukanyaga breki) imekufa?

Jibu: Pima kwanza. Kemshafti hiyo huziacha valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, hivyo vakyumu ya menifoldi (mvuto wa hewa kwenye bomba la kuingizia hewa injini) hushuka injini ikiunguruma taratibu. Chini ya inchi 15 za zebaki (kipimo cha vakyumu), hata busta isiyo na hitilafu hukosa nguvu.

Jibu: Tangi la akiba ya vakyumu lenye valvu ya njia moja hutosha kukanyaga mara mbili tatu tu. Kwenye foleni, pampu ya vakyumu ya umeme ndiyo dawa.

Muulizaji: Geji imesoma inchi 9. Nitafunga pampu.