Baroni za Ireland zilikuwa na kazi gani?

Mdadisi: Wakuu, rekodi za ardhi za Cork za karne ya 19 zinataja baroni. Ni nini hasa, na inakaa wapi kati ya kaunti na parokia?

Mpimaji: Ni kipande cha kaunti. Utawala wa Kiingereza ulizichora nyingi juu ya milki za zamani za koo za Kigaeli. Carbery ya huko Cork, kwa mfano, ilikuwa ya ukoo wa MacCarthy Reagh. Ilikuwa kubwa mno, ikagawanywa sehemu nne. Kodi za barabara na madaraja zilikusanywa kwa baroni, hadi sheria ya 1898 ilipohamishia kazi hizo kwa mabaraza ya kaunti. Baroni hazikufutwa, zilibaki tu bila kazi.

Karani wa Ramani: Ndugu Mdadisi, usianzie kwenye baroni. Anza na taunlendi, kipande kidogo kabisa cha ardhi kwenye rekodi hizo. Vipo zaidi ya 60,000. Fahirisi ya sensa ya 1851 inakupa ekari, kaunti, baroni na parokia yake. Kisha fungua Uthamini wa Griffith (1847 hadi 1864), orodha ya mashamba na nyumba iliyofanywa kwa ajili ya kodi. Majina kama Kilmore yamejaa kisiwa kizima, kwa hiyo baroni ndiyo itakayokuchujia.

Mpimaji: Naongezea: parokia hapo ni ya kiraia, si ya Kikatoliki, na inaweza kuvuka mpaka wa baroni. Ukitafuta upande mmoja tu, nusu ya mashamba huyaoni. Mikataba ya zamani nayo ina ekari ya Kiayalandi, takriban 1.62 ya ile ya Kiingereza. Wengi hunaswa hapo.