Tupeane uzoefu: mahekalu ya haidranjia, Kamakura (Japani)

#1
Wakuu, msimu wa mvua wa Japani huanza Juni, na ndipo haidranjia, maua ya vichaka yenye vichwa vikubwa vya duara, zinapochanua Kamakura. Tuweke hapa ya kumsaidia anayekwenda mara ya kwanza. Naanza na usafiri. Kutoka stesheni ya Tokyo panda treni ya JR (kampuni kubwa ya reli ya Japani), laini ya Yokosuka. Ni karibu saa nzima. Wa hekalu la Meigetsuin ashuke Kita-Kamakura, kisha atembee dakika kama 10. Wa hekalu la Hasedera aende stesheni moja mbele, Kamakura, aingie treni ndogo ya Enoden na kushuka kituo cha tatu, Hase. Pasi ya JR haikubaliki Enoden, kwa hiyo weka nauli pembeni. Wikendi Enoden hufurika. Kutembea kutoka Kamakura, kama kilomita 2, mara nyingi ni afadhali.

#2
Meigetsuin iwe ya kwanza, siku ya kazi, na uwe langoni kabla halijafunguliwa. Uzuri wake wote uko kwenye ngazi za mawe zilizobanwa na maua kulia na kushoto. Watu wakishajaa, kila anayesimama kupiga picha anaziba njia. Maua karibu yote ni himeajisai, aina ya haidranjia ya Kijapani, buluu tupu. Yalipandwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vigingi vya kuzuia kingo za njia vilipokuwa adimu, na haidranjia haihitaji matunzo mengi. Kiingilio ni yeni 500. Dirisha la duara linaloonyesha bustani ya nyuma lina foleni yake, na bustani hiyo hufunguliwa wakati wa maua ya airisi kwa malipo mengine.

#3
Mkuu #2, kwa wikendi mimi ningeanza Hasedera. Njia ya haidranjia pale mlimani ina tiketi yake yenye saa maalumu, mbali na kiingilio cha yeni 400. Ukichelewa utapewa saa ya jioni, au zitakuwa zimekwisha. Masharti ya tiketi hubadilika, yasome kwenye tovuti ya hekalu kabla ya kutoka nyumbani. Aina za haidranjia zinazidi 40, na juu unaiona bahari.

Tafadhali msiishie kwenye maua. Ukumbini kuna sanamu ya mbao ya Kannon, mwenye huruma katika Ubuddha, yenye nyuso 11, urefu mita 9.18. Usimpige picha. Tumbukiza sarafu, unganisha viganja, inama kimya. Kupiga makofi ni kwa mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Japani; haya ni ya Kibuddha.

#4
Kuhusu rangi: udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi; namba ndogo ni asidi zaidi) chini ya 5.5, huachia alumini, mizizi huifyonza na ua huwa buluu. pH ikipanda juu ya 6 alumini hushikwa na udongo, ua linakuwa la waridi. Nyeupe hazibadiliki. Ndiyo maana kichaka kimoja huweza kuwa na rangi mbili, mizizi ikifika penye udongo tofauti.

#5
Beba koti la mvua, maana mwavuli mpana hukwama kwenye ngazi na kuwamwagia wengine maji. Viatu visiteleze. Stendi ya kamera iache. Yeni za taslimu ziwepo.

Lenga katikati ya Juni. Msichelewe: msimu ukiisha Meigetsuin hukata vichwa vya maua, kwa sababu machipukizi ya mwaka ujao hutengenezwa kabla ya baridi, na ukataji wa kuchelewa huyaondoa. Anayefika katikati ya Julai atakuta majani matupu.