Mrejesho: mapigo ya rada kwenye ramani-joto

Niliuliza kwa nini mistari ya mapigo ya rada ya meli, yaliyonaswa ufukweni hapa Mwanza, inalala mshazari na kusambaa kadiri rekodi inavyoendelea kwenye ramani-joto (picha ya rangi ambamo rekodi imekatwa vipande vya muda sawa, kila kipande safumlalo moja). Wakuu, asanteni sana, imekaa sawa.

Mshazari ni kipindi (muda kati ya pigo na pigo) kisicho sahihi: safumlalo ilikuwa mikrosekunde 1,000, mstari ukisogea kulia mikrosekunde 0.5 kila safumlalo, basi kipindi halisi ni 1,000.5. Kusambaa ndiko kulikosumbua zaidi. Muda ulihifadhiwa kwa desimali za biti 32, na rekodi ikifika sekunde 60, hatua yake ndogo kabisa ni karibu mikrosekunde 4! Kwa biti 64 mstari umekuwa mwembamba kama uzi. Rangi zipangeni kwa logi (kipimo cha logarithi), la sivyo mwangwi dhaifu wa mawe ya ziwani unapotea. Mwangwi ukichelewa mikrosekunde 1, umezunguka mita 300 zaidi.