Lori la Ohio au lori la Tunduma? Hesabu kabla ya kusaini

Swali, kutoka Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa. Dereva wa kampuni huku analipwa senti 60 kwa maili. Kampuni imemletea mkataba wa kukodi lori huku akililipia mpaka liwe lake. Wakati huohuo nyumbani Mbeya kuna semi, lori la kuvuta tela, linauzwa. Abaki na ajira, asaini, au pesa ziende kwenye hilo semi libebe mizigo ya Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia?

Jibu, kutoka Dallas

Wiki ya maili 2,500 kwa senti 60 ni dola 1,500 kabla ya kodi. Dizeli, bima, tairi na siku lori likilala gereji ni mzigo wa kampuni. Sasa geuza upande: taasisi ya utafiti ya ATRI ilikokotoa kuwa mwaka 2024 maili moja ya lori iligharimu wastani wa dola 2.26, malipo ya dereva yakiwamo. Mzigo wa dola 2 kwa maili, halafu uufuate maili 200 ukiwa tupu, maana yake unajikata mshahara mwenyewe ili rejesho la wiki litimie.

Juu ya hapo mwenye lori ana kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato, na anailipa kwa awamu nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Wengi huikumbuka ya Aprili tu. Kuna kodi ya lori zito, dola 550 kwa mwaka, na hesabu za IFTA, yaani kodi ya mafuta ya kila jimbo ulilopita, kila robo mwaka. Bima ya dhima, ya madhara kwa wengine, kisheria ni angalau dola 750,000, lakini madalali wengi wa mizigo hawakupi kazi chini ya milioni 1.

Kuhusu huo mkataba: jopo lililoundwa chini ya sheria ya miundombinu ya 2021 lilipendekeza Januari 2025 kwamba Bunge la Marekani lipige marufuku mipango ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba anayekukodisha lori ndiye anayekugawia mizigo. Akikupunguzia maili, rejesho halipungui. Ukishindwa, lori linarudi yadi na kupewa mwingine. Kama mtu ameng'ang'ania, basi asome ile akiba ya matengenezo anayokatwa kila maili: akiondoka anarudishiwa au inabaki kwao? Na je, anaruhusiwa kubeba mzigo wa kampuni nyingine?

Hata kwenye ajira, usiulize senti tu. Uliza kusimama kunalipwaje. Ukianza zamu saa 12 asubuhi, dirisha la saa 14 ambalo sheria inakuruhusu kuendesha ndani yake linafungwa saa 2 usiku, hata kama saa 5 zimeishia ghalani ukisubiri kupakuliwa. Saa 2 za kwanza za kusubiri kwa kawaida hazilipwi kabisa, na sheria ya kazi ya 1938 haiwapi madereva wa kuvuka majimbo nyongeza ya baada ya saa 40. Kampuni ya senti 55 kwa maili inayolipa kusimama inaweza kuizidi inayotangaza 65. Hapo ndipo madereva wanapohama.

Jibu, kutoka Uyole

Ndaga kwa hesabu. Na huku ni kusimama kulekule. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Kinachoua biashara ni foleni ya mpakani.

Matajiri wengi, yaani wenye malori, hutoa posho ya safari nzima kwa mkupuo. Dereva akikwama siku 6 Tunduma, posho inaishia kwa mama lishe siku ya tatu. Ya nne anakula kutoka kwenye tenki, yaani anauza dizeli. Ukimfukuza na kuajiri mwingine, naye atakula kutoka kwenye tenki. Andika kwenye mkataba kiasi cha kila siku kuanzia siku ya tatu ya kusimama, kitumwe kwa simu bila kubembelezwa. Na mkataba wa maandishi si hisani, ni matakwa ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, sawa na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao uingie, asilimia 20 ya mshahara.

Mafuta: na tani 30 nyuma, lita 1 inakwenda kilomita 2 hadi 2.5, kwa hiyo Dar–Tunduma ni lita 370 hadi 465. Jaza Dar, kwa sababu bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati, hupanda kadiri unavyoiacha bandari. Lakini usimbane dereva kwa lita 350. Atashuka mteremko wa Iwambi, karibu na Mbeya, ameachia nyutro ili zimtoshe.

Uzito: semi la ekseli 6 mwisho ni tani 50, yaani 8 mbele, 18 kwenye dabodifu (ekseli mbili za nyuma za kichwa), 24 kwenye tela. Ukiondoa chuma chenyewe, unabaki na mzigo wa tani 32 hadi 34. Dalali anayekuahidi 38 anakuuzia faini ya mizani ya Wenda au Mpemba. Mbao za Mafinga zikiwa mbichi zihesabu kwa uzito, usizihesabu kwa vipande.

Jibu, kutoka Makambako

Kamwene. Naongezea ya gereji tu.

Tairi ni 22 chini na 2 za akiba. Kila moja ipigwe chapa ya namba, na nafasi yake iandikwe daftarini, la sivyo mpya zinaondoka njiani na kuukuu zinarudi. Kwenye mteremko wa Iwambi kwa anayekwenda Tunduma, au Kitonga kwa anayerudi Dar na shaba, gia ishuke kabla mteremko haujaanza na eksozi breki, inayozuia lori kwa nguvu ya injini, ifanye kazi. Anayekanyaga mfululizo anachemsha ngoma mpaka laining inateleza, na anayekanyagakanyaga anamaliza upepo. Tena kagueni mabomba ya upepo: fundi wa njiani huziba bomba la busta inayovuja (kikopo cha upepo kinachosukuma breki ya gurudumu) ili safari iendelee. Gurudumu hilo halina breki tena, na dereva anayefuata hajui.

Msitume Freightliner kutoka huko. Usukani uko kushoto, na spea za hapa ni za Scania, DAF na Howo.

Jibu, kutoka Uyole

Kuhusu semi linalouzwa: kabla ya kutuma hata senti, lipandishwe mizani likiwa tupu. Tela likishaungwaungwa chuma linapita tani 8 kirahisi, na kila kilo iliyozidi unaikata kwenye mzigo kila safari, mpaka utakapoliuza.