Vila ya "bahari iko mlangoni" Unguja: nimelipa 1,950,000, sasa hata simu hawapokei

Wakuu salaam,

Nimerudi Dar tangu Jumatatu na hasira haijaisha.

Nilikodi vila ya ufukweni pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Bwejuu kwenda Michamvi. Siku 3, kila usiku 650,000, na fedha yote walitaka kabla. Safari ilikuwa ya mama yangu. Ana miaka 68, kazaliwa na kukulia Singida, hajawahi kukanyaga maji ya bahari. Ndiyo maana nilimuuliza msimamizi swali moja tu: mama na wajukuu wataweza kuingia majini hapo nje? Akanijibu kwa maandishi, ninayo mpaka leo: "Muda wowote, bahari iko mlangoni." Akatuma na picha, maji yanagusa ngazi ya mwisho ya baraza.

Tulifika Ijumaa usiku, mwezi mpevu. Jumamosi saa nne asubuhi tunafungua mlango, bahari haipo. Mchanga, majani na vidimbwi, na mawimbi yanaonekana kama uzi mweupe kule mwambani, zaidi ya kilomita moja. Mama akaniuliza, "Mwanangu, maji yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Mkazi yeyote wa pwani ile angenipa jibu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvu, yaani bahari hujaa sana na kutoka sana: maji yanajaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kwenye saa nne asubuhi yamepwa hadi mwambani. Ni hivyo mara mbili kila mwezi, miaka yote. Msimamizi tarehe zangu alikuwa nazo wiki 3 kabla. Angesema neno moja ningesogeza safari, au ningewapeleka Kendwa, kaskazini ya kisiwa, kule maji hayaendi mbali namna hii. Alinyamaza kwa sababu alitaka fedha.

Nilipompigia akasema tuyafuate maji kwa miguu, "ni karibu tu". Tukayafuata. Hakutuambia tuvae viatu. Mwanangu wa miaka 7 akakanyaga yale madude meusi ya miiba mirefu, miiba ikakatikia unyayoni, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Nyumba imejitenga kweli kama walivyoinadi. Gari letu limesharudi mjini, msimamizi naye yuko mjini, na sanduku la dawa halimo hata la plasta.

Waliotuokoa ni kina mama wa mwani. Walikuwa kwenye mashamba yao, wanafunga mbegu kwenye kamba. Bibi mmoja akaacha kazi, akamtuma kijana papai bichi, akaupaka ule utomvu kwenye unyayo wa mtoto taratibu huku anamwimbia. Mama yangu akakaa naye mchangani wakizungumza. Hakutaka hata senti.

Sasa sikilizeni. Jioni msimamizi ananipigia, badala ya kumuulizia mtoto ananiambia: "Wale wanawake wakiwasumbua mwambieni askari awafukuze, ule ufukwe ni wenu." Wanawake waliomtibu mwanangu! Mwani unalimwa pwani ile tangu mwaka 1989, vila yenyewe ukuta haujafifia rangi. Anauza ufukwe wa watu kama ua wa nyumba yake, halafu anataka mgeni ndiye awe sababu ya kuwafukuza. Hapo ndipo nilipompandishia sauti, na sijutii.

Maji ya bomba yenye chumvi, na jenereta isiyo na dizeli umeme ulipokatika Jumapili, hayo nayapita.

Mama alipata bahari kwa saa moja na nusu siku ya Jumapili jioni. Alikaa majini kanga imemlowa, anacheka. Asubuhi ya kwanza alikuwa ameketi barazani anatazama matope.

Nimeomba nirudishiwe usiku mmoja tu, 650,000. Jibu lake: "Maji kupwa ni kazi ya Mungu." Kisha akanifungia Wasapu. Kupwa ni kazi ya Mungu, ile "muda wowote" aliiandika yeye kwa mkono wake.

Risiti, picha na mazungumzo yote ninayo. Wakuu mlioko Unguja, malalamiko ya mgeni aliyedanganywa na nyumba ya kukodi yanaanzia ofisi gani? Na kama yupo aliyewahi kurudishiwa fedha yake, aniambie alifanyaje. Niko tayari kupanda boti hata kesho.